Ruzuku ya shirikisho ikitua mjini: mfuko mkuu, ofisi ya miradi, au mashirika?

Tarehe 11 Machi 2021 Rais Joe Biden wa Marekani alitia saini sheria ya uokoaji wa uchumi baada ya corona, na ndani yake mlikuwa na dola bilioni 350 za majimbo, kaunti, miji na mataifa ya wenyeji wa asili. Miji yenye watu 50,000 na zaidi ilitengewa takriban dola bilioni 45.6, na fedha hizo hazikupitia kwa gavana. Wizara ya Fedha ilizipeleka moja kwa moja kwenye akaunti ya mji, nusu mwaka ule, nusu mwaka uliofuata. Detroit ilipata dola milioni 826.7, Cleveland milioni 511.7, Louisville milioni 388, Buffalo milioni 331, Columbus milioni 187. Katika baadhi ya miji hiyo leo Kiswahili kinasikika dukani, kanisani na msikitini, hasa tangu familia nyingi kutoka Kongo zilipopokelewa huko kama wakimbizi.

Ninawaandikia wale kati yetu waliokalia viti kwenye kamati za ushauri za mji, wanaoongoza vyama vya jamii, au wanaokwenda jioni kusikiliza vikao vya bajeti. Fedha za 2021 zinaelekea ukingoni: zilipaswa kufungwa kwa mikataba kufikia 31 Desemba 2024, na kutumika zote kufikia 31 Desemba 2026. Lakini mafuriko na vimbunga haviishi. Fedha za aina hii zitarudi kwa jina jingine, na kila zikirudi mji hukutana na uamuzi uleule: zishikwe na nani?

Nimewaona watu wetu wakifika kwenye vikao hivyo na swali moja, kwamba mji umepata kiasi gani. Ni swali la haki, ila jibu lake liko wazi kwa kila mtu. Swali lenye uzito ni jingine: fedha hiyo imeandikwa kwenye daftari gani, na kalamu kashika nani? Hapo ndipo huamuliwa kama utaweza kuifuatilia, kama chama chako kitaweza kuiomba, na kama mkaguzi wa hesabu akija ataanzia mlangoni kwa nani.

Kuziba pengo la mapato

Njia ya kwanza ni kuiingiza ruzuku kwenye mfuko mkuu, yaani fedha za kawaida zinazolipa huduma za mji. Corona ilipofunga hoteli, viwanja vya ndege na mikahawa, kodi za mji ziliporomoka. Sheria ikauruhusu mji ukokotoe mapato uliyopoteza, uchukue kiasi hicho kutoka kwenye ruzuku, ukitumie kwa huduma za kawaida za serikali: mishahara ya zimamoto na polisi, kuzoa taka, kuziba mashimo ya barabara, kompyuta za ofisini. Unaanza na mapato ya mwaka wa fedha wa mwisho kabla ya janga, unayakuza kwa asilimia 5.2 kwa mwaka au kwa wastani wa ukuaji wa miaka mitatu ya nyuma, kiwango kilicho kikubwa kati ya hivyo viwili, kisha unalinganisha na kilichokusanywa kweli. Tofauti ndiyo pengo. Mji usiotaka kukokotoa ulipewa njia ya mkato na kanuni ya mwisho iliyotoka Januari 2022: hesabu hadi dola milioni 10 kuwa ni pengo, wala hutadaiwa hesabu ya mapato. Kwa hiyo mji mdogo uliopata chini ya kiasi hicho uliweza kuitumbukiza ruzuku yake yote humo, na mingi ilifanya hivyo.

Mipaka yake ni michache lakini migumu. Fedha hiyo haitakiwi kulipa madeni ya mji, kutunisha mfuko wa pensheni, wala kuwekwa akiba kwa siku za dhiki.

Chicago ndiyo mfano mkubwa wa njia hii. Kati ya karibu dola bilioni 1.9 ilizopata, takriban bilioni 1.3 zilikwenda kuziba pengo la mapato katika bajeti za 2021 hadi 2023. Faida yake isidharauliwe. Ofisi ya fedha ya mji ina watu wake na mfumo wake, na mishahara ilikuwa ikilipwa kabla ya ruzuku na itaendelea kulipwa baada yake. Hakuna zabuni mpya ya kutangaza, hakuna shirika la kufundishwa kuandika taarifa, na hoja za ukaguzi ni chache kwa sababu taarifa inayotakiwa Washington kwa fungu hili ni fupi. Mji ambao ungepunguza wazima moto na wazoa taka mwaka 2021 haukuwapunguza. Anayeishi ghorofa ya tatu katika nyumba ya zamani ya mbao anajua hilo lina maana gani.

Hasara yake ni kwamba fedha ikishaingia mfuko mkuu haina jina tena. Mshahara wa zimamoto huenda ungelipwa tu, kwa kukaza mkanda mahali pengine. Ruzuku ilipoulipa, fedha ya kodi ambayo ingeulipa ikabaki huru kwenda kwingine, na huko kwingine hakuna taarifa ya shirikisho itakayokuonyesha. Mkazi akiuliza ruzuku yetu ilifanya nini, atajibiwa kweli tupu isiyomsaidia: ililipa huduma za serikali. Kwangu mimi hii ndiyo kasoro nzito kuliko zote, na inawaumiza zaidi wakazi wageni kama sisi, kwa sababu hatuna mjomba ndani ya ofisi ya bajeti wa kutunong'oneza.

Halafu kuna mteremko. Fedha ya mara moja ikibebeshwa gharama ya kila mwaka, mwaka inapokwisha gharama inabaki imesimama palepale. Chicago ilitabiri upungufu wa karibu dola milioni 982 kwa bajeti yake ya 2025. Sababu zilikuwa nyingi, pensheni ikiwa miongoni mwa zilizo nzito, na si haki kuitupia ruzuku lawama. Lakini kwa miaka mitatu ruzuku ilikuwa bega moja la kubebea bajeti hiyo, na bega hilo likaondoka.

Ofisi moja inayoshika miradi

Njia ya pili ni kuitenga ruzuku, kuipa watu wake, na kuigawa kwa miradi yenye majina. Cleveland ilielekea huko. Meya Justin Bibb alipoingia madarakani Januari 2022 aliunda kituo cha kufufua uchumi chini ya ofisi yake ili kusimamia mapendekezo ya matumizi ya ruzuku.

Detroit ninaitaja kwa heshima, kwa sababu ilifika kwenye fedha hizi ikiwa na kovu. Iliomba kinga ya mahakama kwa kufilisika Julai 2013, ikatoka Desemba 2014, na katikati hapo iliendeshwa na meneja wa dharura aliyeteuliwa na jimbo. Mji uliowahi kunyang'anywa kalamu unajua thamani ya daftari safi. Kati ya miradi yake, ninaoupenda ni Renew Detroit, ulioanza na dola milioni 30 kubadilisha mapaa na madirisha ya wazee na watu wenye ulemavu wenye kipato kidogo, wanaomiliki nyumba zao. Ni mradi unaoonekana ukiwa barabarani: hili paa jipya, lile la zamani. Mwenye nyumba akiuliza ruzuku ilifanya nini, anainua macho tu.

Ila paa hilo moja lina faili nene. Mwombaji athibitishe kipato na umiliki. Fundi akague. Zabuni itangazwe na mkandarasi apatikane kwa kufuata kanuni za manunuzi. Malipo yaandamane na ankara na picha. Matumizi yaingizwe kwenye taarifa ya robo mwaka ya Wizara ya Fedha kwa namba ya mradi. Mji wenye wakazi zaidi ya 250,000 huongezewa taarifa ya kila mwaka iliyo wazi kwa umma, inayoeleza matokeo. Zidisha kazi hiyo kwa miradi 80 au 100, uone kwa nini miji mingi iliajiri washauri waelekezi, na kwa nini mwaka wa kwanza mara nyingi ulikwisha bila paa hata moja.

Kisha kuna neno dogo lililoleta kizaazaa kikubwa: kufungwa kwa fedha. Madiwani wakipiga kura kwamba dola milioni 5 ziende kwenye vituo vya vijana, magazeti huandika kwamba mji "umetoa" milioni 5. Kwa Wizara ya Fedha bado hakuna kilichotokea. Fedha inahesabiwa kuwa imefungwa pale panapokuwa na mkataba uliotiwa saini, agizo la manunuzi, au makubaliano mengine yanayoulazimu mji kulipa. Kura haitoshi, na mstari wa bajeti hautoshi. Ndiyo maana mwishoni mwa 2024 miji yenye mipango mizuri ya karatasi ilijikuta ikikimbizana na kalenda. Baadhi ilihamisha fedha kutoka miradi iliyochelewa kwenda kwenye mishahara ya idara, yaani ilirudi njia ya kwanza kwa mlango wa nyuma. Kama mtaa wako uliahidiwa bustani na bustani haikuja, tafuta hapo kwanza kabla ya kufikiria wizi.

Dirisha ambalo fedha imetokea

Ulinganisho huu usiuhamishe kwenda kwenye janga jingine bila kuangalia fedha imetoka dirisha gani, kwa sababu dirisha huamua kasi.

Fedha za 2021 zilikuja mbele ya kazi. Fedha za idara ya dharura, FEMA, za kutengeneza mali ya umma huja nyuma ya kazi: mji unatumia kwanza, unaonyesha stakabadhi, na serikali ya shirikisho inarudisha si chini ya asilimia 75. Kinachobaki ni mzigo wa jimbo na mji. Fedha za Wizara ya Nyumba, HUD, za kufufua makazi baada ya janga ni ndefu zaidi. Kongresi hupitisha fedha upya kwa majanga husika, wizara hutangaza masharti, mji huandika mpango wa utekelezaji na kuuweka hadharani kwa maoni ya wananchi kwa kawaida siku 30, wizara huidhinisha, ndipo fedha huanza kuteremka kidogo kidogo. Kwa kawaida asilimia 70 lazima iwafikie watu wa kipato cha chini na cha kati, gharama za utawala zisizidi asilimia 5, na mji hupewa miaka sita kumaliza.

Detroit ilionja ladha mbili kwa wakati mmoja. Mvua za mwishoni mwa Juni 2021 zilijaza maji machafu kwenye vyumba vya chini vya maelfu ya nyumba. Kwa janga hilo HUD iliitengea dola milioni 57.6, na mgawo wenyewe ulitangazwa mwaka uliofuata, ndipo safari ya mpango na maoni ianze. Fedha za uokoaji wa uchumi zilikuwa tayari benki. Mwenye nyumba aliyechota maji kwa ndoo hakuwa na haja ya kujua tofauti hiyo, lakini ofisa wa mji alilazimika kuijua, kwa sababu nyumba moja haiwezi kulipiwa hasara ileile mara mbili kutoka mafungu mawili ya shirikisho. Akikosea, fedha hudaiwa irudi, na mara nyingine hudaiwa kwa mwenye nyumba.

Angalia pia nani yuko juu ya mji. Baada ya kimbunga Harvey cha Agosti 2017, fedha za HUD ziliingia Texas kupitia Ofisi ya Ardhi ya jimbo, na Houston ikapewa sehemu yake, takriban dola bilioni 1.27, ikiwa chini ya jimbo. Nyumba zikatengenezwa polepole. Mwaka 2020 jimbo likatangaza kuuchukua mpango huo, mji ukapinga mahakamani, na hatimaye jimbo likauchukua msaada wa wenye nyumba. Mji ulisema ucheleweshaji ulitokana na masharti na ukaguzi wa jimbo, jimbo likasema mji ndio ulioshindwa kazi. Waliokuwa wakisubiri walisubiri pande zote mbili. Kwa hiyo mji wako ukitangaza ruzuku, uliza kama mkataba wake ni na Washington au na makao makuu ya jimbo. Miji yenye watu chini ya 50,000 ilipokea hata fedha za 2021 kupitia jimbo, ingawa humo jimbo lilikuwa tarishi tu: kiasi kilipangwa kwa idadi ya watu, na jimbo halikuwa na ruhusa ya kuongeza masharti yake.

Kupitia mikono ya mashirika

Njia ya tatu inatugusa zaidi, basi nitakaa hapa kidogo.

Mji hauna mfanyakazi atakayegonga mlango wa mama aliyefika kutoka kambini mwaka jana, akamweleza kwa Kiswahili cha Bukavu kwamba anastahili msaada wa kodi ya nyumba na kwamba kuomba hakumwingizi kwenye matatizo ya uhamiaji. Chama cha jamii kinaye. Hiyo ndiyo hoja kubwa ya kuyapa mashirika fedha, na ni hoja ya kweli. Chicago, iliyozamisha sehemu kubwa ya ruzuku kwenye mfuko mkuu, ilitenga dola milioni 31.5 kwa majaribio ya kipato cha uhakika: kaya 5,000, dola 500 kila mwezi kwa miezi 12, bila sharti la matumizi. Uendeshaji ukapewa shirika la GiveDirectly kwa sababu kugawa fedha taslimu kwa watu wengi ndiyo kazi yake ya kila siku. Maombi yalizidi 176,000. Toledo, Ohio, ilikwenda njia fupi zaidi: mji na kaunti ya Lucas kila mmoja ulitoa dola 800,000 kwa shirika linalonunua madeni ya hospitali kwa bei ya chini na kuyafuta, lengo likiwa kufuta hadi dola milioni 240 za madeni ya wakazi. Deni la hospitali lililokufa huuzwa kwa senti chache kwa kila dola, na mji ulilijua soko hilo kupitia shirika lililokuwa limebobea humo.

Lakini shirika likipewa fedha, linakaa kwenye kiti kimoja kati ya vitatu, na viongozi wengi wa vyama vyetu husaini kabla ya kujua kiti walichokalia.

Kiti cha kwanza ni cha mnufaika. Chama chako kiliumizwa na janga, michango ikakauka, kodi ya ofisi ikashindikana, na mji unakupa fedha ili upone. Unathibitisha kwamba uliumia, unapokea, unatumia. Hufuatwi kama msimamizi wa mradi wa serikali, na fedha hiyo haihesabiwi kwenye kizingiti cha ukaguzi wa shirikisho.

Kiti cha pili ni cha mkandarasi. Unauza huduma: ukalimani saa kadhaa, mafunzo kadhaa, bei imekubaliwa. Ukimaliza kazi unalipwa. Mji ndio unaobeba mradi, wewe umebeba kazi yako tu. Ugumu wake uko mlangoni, kwa sababu lazima ushinde kwa taratibu za manunuzi ukishindana na kampuni zenye waandishi wa zabuni.

Kiti cha tatu ni cha mpokeaji wa pili: mji unakukabidhi kipande cha mradi wake ukiendeshe kwa niaba yake. Hapa kanuni zote za ruzuku za shirikisho zinakushukia pamoja na fedha. Utaandika saa za kila mfanyakazi. Utafuata kanuni za manunuzi hata ukinunua viti. Mji utakuja kukukagua, na ni wajibu wake kisheria. Ukitumia fedha za shirikisho kuanzia dola milioni 1 kwa mwaka mmoja, utafanyiwa ukaguzi maalumu wa hesabu (kizingiti kilikuwa dola 750,000 kwa miaka ya fedha iliyoanza kabla ya 1 Oktoba 2024). Na nyaraka zako zitunzwe miaka mitano baada ya fedha zote kutumika. Fedha ikiisha Desemba 2026, sanduku la risiti linakaa hadi mwisho wa 2031, hata kama mwenyekiti na mhasibu wamehama mji.

Nilikuwa karibu na chama kimoja kidogo cha akina mama kilichokalia kiti hicho cha tatu kwa furaha kubwa. Mkataba ulikuwa wa kurudishiwa gharama: tumia, leta ankara, ulipwe. Ankara ya kwanza ilirudishwa kwa sababu risiti za mafuta ya gari hazikuwa na jina la safari. Ya pili ilikaa mezani kwa mtu aliyekuwa likizo. Miezi minne walilipa mishahara ya wafanyakazi wawili kutoka kwenye michango ya wanachama, fedha ambayo ilikuwa imewekwa kwa ajili ya misiba. Hawakuiba hata senti, na kazi waliifanya vizuri. Kilichowaponza ni kwamba hakuna aliyeuliza, siku ya kusaini, kama wangepewa masurufu ya kuanzia. Kanuni za shirikisho zinaruhusu malipo ya mbele kwa mpokeaji wa pili mwenye utaratibu unaoaminika wa fedha. Mji wenyewe ulikuwa umelipwa mbele! Nikikumbuka hilo bado moyo unaniuma.

Jambo jingine wasiloliuliza ni gharama za uendeshaji: kodi ya ofisi, umeme, mhasibu. Shirika lisilo na kiwango kilichojadiliwa na serikali lina haki ya kutoza asilimia ya jumla bila kuthibitisha kila senti, asilimia 10 hapo awali, hadi 15 kwa ruzuku zilizotolewa tangu Oktoba 2024. Chama kinachoacha hiyo mezani kinaufadhili mji.

Sasa rudi kwenye daftari. Fedha ambayo mji umeiandika kama kuziba pengo la mapato haizai mpokeaji wa pili. Wizara ya Fedha ilieleza hivyo kwenye miongozo yake. Mji ukitaka unaweza kulipa chama chako kutoka fungu hilo, na ule mzigo wote wa kiti cha tatu usikushukie kwa sheria ya shirikisho, ingawa mji unaweza kuweka masharti yake. Baadhi ya miji ilitumia mlango huu kwa makusudi ili vyama vidogo viweze kuingia. Mingine haikufikiria, ikavitwisha vikundi vya watu watano mzigo wa taasisi ya watu mia. Mfuko niliousema hapo juu kwamba hauna jina, hapa ndio unaoweza kumwokoa mdogo.

Ningechagua hivi

Mji mdogo wenye mhasibu mmoja na katibu wa nusu siku: njia ya kwanza, bila kusitasita, kwa sharti moja. Baraza lipitishe azimio linalosema fedha ya kodi iliyowekwa huru na ruzuku inakwenda kwenye kitu gani, kwa jina na kiasi, kisha liripoti hadharani. Sheria ya shirikisho haidai hilo. Wakazi wadai.

Mji mkubwa wenye bajeti inayosimama yenyewe: ofisi ya miradi, lakini miradi 15 badala ya 90. Idadi kubwa ya miradi ni namna ya madiwani kumpa kila mtu kipande, na kipande cha dola 200,000 kinahitaji faili karibu sawa na cha milioni 10. Mikataba ya kazi za ujenzi itangulie, mafunzo na ushauri vifuate, kwa sababu zabuni ya ujenzi ndiyo inayokula miezi.

Mji mkubwa wenye bajeti inayoyumba utachanganya njia ya kwanza na ya pili, na siulaumu. Ningeutaka tu usilipie mishahara mipya ya kudumu kwa fedha ya miaka mitatu.

Kwa mashirika, ningeigawa kazi kulingana na mguu wa kila mmoja. Shirika kubwa moja likalie kiti cha mpokeaji wa pili, libebe ukaguzi na taarifa, na vyama vidogo vya jamii vifanye kazi chini yake kama wakandarasi, kwa malipo ya kila mwezi yanayojulikana. Vyama vidogo hulalamika kwamba hivyo fedha inakatwa njiani, na wana haki, hukatwa. Ila nikilinganisha mkato huo na miezi minne ya kulipa mishahara kwa fedha za misiba, ningeukubali mkato, mradi asilimia yake iandikwe kwenye mkataba na isomwe mbele ya wanachama.

Kama chama chako tayari kimesaini na fedha bado inatembea, waulize mji kwa barua, si kwa simu, mambo matatu: chama kimeandikwa kama nani kati ya wale watatu, mkataba wenu umehesabiwa kwenye fungu lipi la matumizi, na tarehe ya mwisho ya kuleta ankara ni ipi. Miji mingi inaweka tarehe yake miezi kadhaa kabla ya 31 Desemba 2026 ili ipate nafasi ya kulipa, na ankara inayokuja baada ya hapo inaweza kukosa mlipaji.

Na ukienda kikaoni, beba taarifa ya mji ya robo mwaka. Kila mradi una namba yake, kiasi kilichofungwa, na kiasi kilicholipwa. Mradi ambao safu ya kwanza ina mamilioni na safu ya pili ina sifuri, huo ndio wa kuanza nao dakika zako tatu za kipaza sauti.